Barua kwa Mwakio: alama za Shoeburyness

Southend-on-Sea,
Jumapili usiku

Ndugu yangu Mwakio,

Salamu sana. Sisi huku wazima, ila baridi inatutafuna mifupa. Najua una haki ya kununa. Miezi minne kimya, na ujumbe wako wa sauti wa dakika kumi na moja nimeusikiliza mara tatu bila kukujibu. Mara mbili nilisinzia katikati, nisikufiche. Ni zamu za usiku, si wewe.

Basi, kwa ajili ya ule ubishi wako na Mzee Mbogho, kama wapiga mizinga wa kujitolea wa Uingereza walijua kupiga au hawakujua, nimekwenda Shoeburyness. Kumbe ni karibu tu, unapanda gari moshi na hata hujakaa vizuri umefika. Pwani yake ungeiona ungeshangaa: maji yakipwa, bahari inakimbia hadi huioni, unabaki mchanga na tope. Hapo ndipo jeshi la Uingereza lilipoweka chuo cha mizinga mwaka 1859. Unapiga kombora maji yamejaa, yakishakupwa unakwenda kuliokota. Nilisimama pale nikawaza, wavuvi wetu wa Tudor, Mombasa, wangelichukua kabla ya afisa kufika.

Mwaka huohuo 1859, kwa kuwaogopa Wafaransa, Waingereza waliwaruhusu raia kuunda vikosi vya kujitolea. Makarani, mafundi wa meli, wenye maduka. Jioni wakitoka kazini wanavaa sare na kwenda kujifunza mzinga mkongwe. Tangu 1865 walikutana Shoeburyness kila mwaka kushindana, na Zawadi ya Malkia ndiyo iliyotamaniwa zaidi. Kulikuwa hata na shindano la kuhamisha mzinga mzito kwa kamba na magogo, bila kufyatua chochote! Kombo angesema hao ni wapagazi wa bandarini waliovishwa vifungo vya shaba.

Sasa ubishi wako na Mzee Mbogho: wa kujitolea walijua kupiga, au hawakujua? Nilidhani jibu litakuwa kwenye alama walizopata mashindanoni. Nimebadilika. Waliofika Shoeburyness walikuwa wachache waliochaguliwa na wenzao, na kikombe kinakwambia habari za hao wachache, si za kikosi kizima kilichobaki nyumbani. Tena shabaha iko pale baharini, kila mtu anaiona, hakuna anayekurudishia kombora. Si wewe uliyenifundisha barazani kwako Voi, na njugu zikiwa makombora? Moja mbele ya shabaha, moja nyuma yake, ya tatu katikati. Ukasema nusu ya kazi ya mpiga mzinga ni kujua adui yuko wapi, na nusu nyingine ni kuwa na anayekuona unapoangukia. Nusu zote mbili hizo shindano haliwezi kuzipima sana.

Mwaka 1908 Haldane, waziri wa vita wa Uingereza, alipovikusanya vikosi hivyo katika jeshi moja la akiba, kelele kubwa zaidi ilikuwa juu ya mizinga. Lord Roberts, jemadari mzee na mtu wa mizinga mwenyewe, hakuamini kwamba mpiga mzinga hutengenezwa kwa mazoezi ya jioni na kambi ya siku kumi na tano kwa mwaka. Haldane akajibu kwamba vita vikianza watapewa miezi sita ya mafunzo. Hapo nilicheka peke yangu hadi jirani akagonga ukuta. Jibu lenyewe si limekubali shitaka? Lakini nawaonea huruma pia. Mwaka 1915 wengi walipelekwa Ufaransa na mizinga ya zamani ya ratli 15 (ndio uzito wa kombora lake), wakati jeshi la kudumu lina ya ratli 18. Utampimaje mtu uliyempa mzinga wa babu yake? Hilo mwambie Mzee Mbogho kwanza, kabla hajaanza kukohoa kwa ushindi.

Na narudi palepale kwenye shabaha, nisamehe, kwa sababu ya kilima chenu. Salaita, karibu na Taveta, tarehe 12 Februari 1916, katika Vita Vikuu vya Kwanza. Mizinga ya Waingereza ikakitwanga kilele, na huko juu ni mahandaki ya kudanganyia. Wajerumani na askari wao wamejichimbia chini, mguuni mwa kilima. Yamkini makombora mengi yaliangukia hasa yalikolengwa. Shoeburyness wangepewa kikombe! Wale vijana wa Afrika Kusini waliotumwa kwa miguu baada ya hapo ndio waliolipa, na wao pia wengi walikuwa wa kujitolea. Nilikuwa nataka kusema kitu hapa kuhusu... basi, tutaongea kwa simu.

Nina ombi. Ukipata matatu ya Taveta, shuka Salaita, simama upande wa Mbuyuni walikotokea Waingereza, unipigie picha. Asubuhi, si saa sita. Nataka kuona kama kutoka tambarare mguu wa kilima unaonekana au umezibwa na vichaka. Nauli nitatuma.

Je, goti lako litakubali safari hiyo? Wewe ungekuwa mwangalizi wa mizinga siku ile, ungeshuku kilele? Na vijana uliowafundisha, uliwapa alama kwa kupiga, au kwa kuuliza kabla ya kupiga? Kuna mzee yeyote huko aliyehadithiwa na babake habari za milio ya mizinga ya miaka hiyo? Wa kujitolea wa mizinga kutoka Calcutta waliletwa Afrika Mashariki mwaka 1914. Umewahi kumsikia mtu akiwataja? Na ile ng'ombe ya shemeji imezaa?

Wako,
Salim