Bando Halina Kosa: Kwa Nini Intaneti Inakata Boti Ikishavuka Nungwi

Nahodha mmoja wa boti ya kupeleka wageni kuzamia alikuja dukani kwetu Malindi, mjini Unguja, na laini tatu za kampuni tatu. Zote zina bando. Zote zinamkatia katikati ya mkondo wa Pemba, na wageni wanalalamika. Alitaka tumuuzie laini ya nne. Hatukumuuzia, kwa sababu ingekata vilevile.

Sababu ni kwamba bahari ina mgongo, na mabaharia wetu wanalijua jambo hili kwa macho. Ukitoka Nungwi, kaskazini ya Unguja, kwenda Mkoani, Pemba, mashina ya minazi huzama mwanzo, kisha makuti, halafu unabaki mnara wa taa, na wenyewe mwishowe unazama. Mawimbi ya simu nayo hayajipindi sana kuufuata mgongo wa bahari. Mnara wa simu wa mita 40 na simu uliyoishika mita 2 juu ya maji vinaweza kuonana mpaka kama kilomita 32. Antena ikipanda mita 10 mlingotini, inakuwa karibu kilomita 39. Kutoka Nungwi mpaka ncha ya kusini ya Pemba ni kiasi cha kilomita 50, kwa hiyo katikati ya safari uko kama kilomita 25 kutoka kila upande. Kwa hesabu ingekamata. Lakini antena ya simu ni ndogo, mwili wako unaikinga, na minara mingi imeelekezwa kwenye makazi ya watu, si baharini. Ukiwa ndani ya kibanda cha chuma au alumini, ndiyo kabisa. Mbao na faiba zinapitisha.

Dawa yake ni antena ya nje juu ya mlingoti na ruta ya 4G inayokubali antena hiyo. Na hapa ndipo watu wengi wanapopoteza pesa.

Kosa la kwanza ni waya. Mtu anafunga antena nzuri juu, anashusha mita 15 za waya mwembamba wa antena mpaka chini kwenye ruta. Waya huo unaweza kula sehemu tisa katika kumi za nguvu iliyokamatwa. Sisi tunaipandisha ruta yenyewe karibu na antena, ndani ya kisanduku cheupe kisichoingiza maji, tunashusha waya wa data na wa umeme tu. Jua la hapa kwetu ni kali, kwa hiyo kisanduku tunakiwekea kivuli.

Kosa la pili ni kununua antena yenye namba kubwa. Namba hiyo ni desibeli, kipimo cha jinsi antena inavyokusanya nguvu upande mmoja. Antena ya desibeli 10 au 12 inarusha mawimbi yake kama sahani bapa. Nchi kavu ni nzuri. Chombo kikienda mrama kwenye kusi, sahani ile inainama, mara inatazama maji, mara mbingu, na mtandao unakuja na kuondoka. Desibeli 5 au 6 zinatosha, tena ziwe za kukamata pande zote, maana boti ikitia nanga inageuka na maji.

Umeme si tatizo kubwa. Ruta ya wati 10 kwenye betri ya volti 12 inatumia kama ampea-saa 20 kwa siku nzima, na paneli moja ya sola inaweza kuirudishia.

Kwa wanaokwenda mbali zaidi, mashariki ya Pemba au bahari kuu, mnara wa nchi kavu hautawafaa, ni setilaiti tu. Zile za chini, kama kilomita 550 juu, zinajibu haraka kuliko zile za kilomita 35,786, lakini sahani yake inaweza kula wati 50 mpaka 100. Kifaa ambacho hakina idhini ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, hatukifungi, hata mteja akikileta mwenyewe.

Viungo vya waya tunavifunga kwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe, kisha tunarudi kuvikagua kila msimu wa upepo unapobadilika, kaskazi na kusi. Chumvi haisubiri.

Tunawaomba sana manahodha: redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya vyombo baharini, ibaki imewashwa kwenye chaneli 16, chaneli ya dharura. Intaneti haiwezi kushika nafasi yake siku ya shida.

Ukija dukani, njoo na urefu wa mlingoti wako, aina ya betri, na njia unazopita mara nyingi. Bando tutazungumza mwisho.