Kichwa cha babu yako

Mwanangu mpendwa,

Babu yako akiuliza jambo lile lile mara tatu, usimwambie ni uzee. Presha na sukari zilizoharibu mishipa midogo ya figo zake huharibu na ile ya ubongo, na taka ambazo figo zimeshindwa kutoa zinazunguka kwenye damu. Mara nyingi umakini na kupanga mambo ndivyo hutangulia kulegea. Majina ya wazee wa kijijini atayataja yote, lakini kwenye M-Pesa ataingiza namba, ataingiza kiasi, kisha aitazame simu asijue kilichobaki ni PIN. Angalia hapo, na kwenye vidonge vyake.

Anasafishwa damu kwa mashine Jumanne na Ijumaa, kwa hiyo kichwa hutulia zaidi Jumatano na Jumamosi. Mambo ya shamba na benki yangoje siku hizo, na aulizwe yeye mwenyewe, si shangazi yako.

Kutoka Ijumaa hadi Jumanne ni siku nne, na hapo ndipo maji hujaa mwilini. Mtu wa kilo 60 akitolewa na mashine lita 3 za maji kwa saa 4 amekaribia mpaka wa mililita 13 kwa kila kilo kwa saa. Ukiuvuka, presha huporomoka na ubongo hukosa damu ya kutosha; hilo likirudiarudia, akili huzidi kuchakaa. Akiwa ameruhusiwa lita moja kwa siku, jaza chupa ya lita asubuhi. Kila anapokunywa chai, uji au supu, mwaga kiasi hicho hicho kutoka kwenye chupa. Ikiisha, basi. Punguza chumvi pia, maana kiu hutoka huko. Akishuka kwenye mashine, apimwe presha akiwa amesimama kabla hamjaenda kupigania matatu.

Dawa ndizo hunitia wasiwasi zaidi. Piritoni ya kuwashwa, ile ya duka la dawa, humchanganya mzee. Gabapentini na pregabalini, dawa za maumivu ya neva, hutolewa mwilini na figo, kwa hiyo dozi ya kawaida kwake ni kubwa mno. Baklofeni ya kulegeza misuli asiiguse. Kila ukinunua kitu, anza na kusema, "Mgonjwa wangu ana figo."

Insulini nayo hukaa mwilini muda mrefu figo zikiwa dhaifu. Akianza kuongea ovyo au kutoka jasho, pima sukari kwanza. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L), na anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu vidogo vya sukari kwenye maji kidogo, si juisi ya machungwa, ina potasiamu nyingi. Pima tena baada ya dakika 15.

Akichanganyikiwa ghafla, mdomo ukipinda, homa ikipanda au akianguka na kugonga kichwa, hospitali usiku huo huo, hata akisema yuko sawa. Heparini ya mashine huzuia damu kuganda, na damu inaweza kuvuja ndani ya fuvu ikaonekana siku kadhaa baadaye.

Kliniki waulize hemoglobini yake, yaani kipimo cha wingi wa damu. Ikiwa chini ya 10 (g/dL), uliza kuhusu madini ya chuma na sindano ya eritropoietini, ile ya kuongeza damu. Wamwulize pia kuhusu usingizi na huzuni, kwani huzuni hujifanya usahaulifu, nayo hutibika. Kipimo cha kumbukumbu na umakini kifanywe siku isiyo ya mashine. Majibu nitumie picha.

Mama yako