Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Vichwa vya Treni Yetu Vimechoka

Ndugu wanachama,

Asubuhi moja ya baridi kali mwezi Januari nilikuwa karakanani na fundi wetu mkuu. Tulikuwa tunajiandaa kuwasha kichwa kikongwe kuliko vyote tulivyonavyo, kile cha dizeli cha aina ya GP9, cha mwaka 1956. Injini za aina hii haziwashwi hivi hivi. Zikiwa zimelala usiku, fundi hufungua kwanza valvu ndogo iliyo kwenye kila silinda, zote 16, kisha huizungusha injini polepole bila kuitia moto, ili kama kuna maji yaliyovuja ndani yatoke. Kumi na tano zilitoa pumzi kavu. Silinda ya saba ilitema maji hadi yakamlowesha mikono.

Maji hayabanwi kama hewa. Tungeiwasha vile vile, pistoni ingegonga maji na mkono wake ungepinda, na pengine bloku nzima ingepasuka. Fundi alifunga valvu, akajifuta mikono, akaniambia kwamba sili za silinda ile amezibadilisha mara tatu na kwamba safari hii kilichochoka ni chuma chenyewe. Ninamwamini. Ndiyo maana taarifa hii, ambayo kila mwaka hugawanywa sawasawa kati ya fedha, njia na wateja, mwaka huu nimeitumia karibu yote kuzungumzia vichwa.

Ya fedha yapo kwenye kitabu cha mahesabu mlichogawiwa, na wakaguzi wameyapitisha. Njia ilipitika mwaka mzima. Hakuna mfanyakazi aliyeumia, na kwa hilo nawashukuru wafanyakazi wetu kutoka moyoni.

Wanachama wapya huniuliza kwa nini tunaendesha vyuma vya zamani namna hii. Jibu liko kwenye historia yetu. Mwaka 1980 Rais Jimmy Carter alitia saini Sheria ya Staggers, iliyolegeza udhibiti wa reli za Marekani na kuzirahisishia kampuni kubwa kuuza au kuacha matawi yasiyowalipa. Kampuni ndogo za reli zikachipuka kwenye matawi hayo, na leo nchini kuna takribani 600. Sisi ni mojawapo: wakulima na wenye maghala tulioungana kuinunua njia kabla haijang'olewa. Tulinunua njia kwanza, vichwa tukaokota vile vilivyokuwa vinatupwa na wakubwa. Haikuwa aibu. GP9 zilitengenezwa zaidi ya 4,000 kuanzia 1954, na kwa miaka mingi spea zake zilipatikana kila mahali kwa bei ya chuma chakavu.

Enzi hiyo imekwisha. Kila kichwa kinachokatwakatwa ni ghala la spea linalofungwa. Mwaka huu tulisubiri wiki sita kupata mota moja ya ekseli, na ilipofika ilibidi isukwe nyaya upya. Tatizo la pili ni watu. Fundi wetu anajua injini ya 567, iliyomo ndani ya GP9, kwa kuisikiliza tu. Anajua hata kwamba oili yake haitakiwi kuwa na zinki, kwa sababu zinki hula madini ya fedha (silva) yaliyopakwa kwenye beringi za pini za pistoni. Anastaafu baada ya miaka miwili. Kijana anayejifunza kwake ana bidii sana, lakini haki yake ni kurithi mashine ambayo vitabu na vipuri vyake bado vipo.

Kuna na mafuta. Maji ya rejeta za injini hizi hayatiwi dawa ya kuzuia kuganda, kwa hiyo usiku wa barafu tuna njia mbili: kuyamwaga yote, au kuiacha injini ikinguruma mpaka asubuhi huku ikinywa kati ya galoni 3 na 5 kila saa bila kuvuta hata behewa moja. Majira ya baridi yaliyopita tulichagua kunguruma, usiku baada ya usiku, na majirani wa yadi walilalamika kwa moshi na kelele. Walikuwa na haki, na niliwaambia hivyo.

Tuviondoe basi, tulete nini? Kamati imelijadili kwa miezi, na si kwamba tulikubaliana tangu mwanzo.

Kichwa kipya kabisa hatukimudu. Tangu 2015 vichwa vipya vinatakiwa kutimiza kiwango cha serikali cha kubana moshi kiitwacho Tier 4, na kimoja kinagharimu mamilioni ya dola. Vya betri tumevitazama kwa hamu. Mwaka 2021 kampuni kubwa ya reli ya BNSF na watengenezaji wa vichwa Wabtec walijaribu kichwa cha betri huko California, kikiwa katikati ya vichwa vya dizeli, na treni ile ikaokoa asilimia 11 ya mafuta. Ni jambo la kutia moyo, ila kampuni ndogo isiyo na kichwa cha akiba haipaswi kuwa ya kwanza kujaribu. Vivyo hivyo zile zenye injini ndogo mbili au tatu badala ya moja kubwa: zilisifiwa sana miaka ya 2000, na waliozinunua wengi wakaja kuumizwa na matengenezo yake.

Wajumbe wawili walipendekeza vichwa vya dizeli vilivyokwisha tumika vya aina ya SD40-2. Naelewa mvuto wake: nguvu farasi 3,000, ekseli sita, na sokoni zimejaa. Lakini tembeeni na mimi hadi kwenye kona ya pale ghala la mbolea. Bogi, yaani fremu ya magurudumu chini ya kichwa, kwa kichwa chenye ekseli nne lina futi 9 kutoka ekseli ya kwanza hadi ya pili. Bogi la SD40-2 lina zaidi ya futi 13 kati ya ekseli za mwanzo na mwisho, na halikunjiki. Kwenye kona kali kama ile, magurudumu yanasukuma reli nje, misumari inalegea kwenye mataruma, na mwisho wake ni kichwa kulala kwenye kokoto. Tungenunua nguvu tusizozihitaji, halafu tulipe upya kwa kubadilisha njia.

Pendekezo la kamati ni GP38-2 mbili zilizofanyiwa matengenezo makubwa. Zina nguvu farasi 2,000, ekseli nne, na injini ya 645 isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa ya ziada ndani ya injini), maana yake kuna kifaa kimoja cha bei mbaya ambacho hakitatuharibikia kamwe. Umeme wake umepangwa kwa kadi zinazochomolewa na kurudishwa, kwa hiyo kutafuta hitilafu hakuchukui siku nzima kama sasa. Tutataka pia ziwe na kifaa cha kuzima na kuwasha injini chenyewe, ili ile ngurumo ya usiku ipungue.

Fedha. Punguzo la kodi la 45G, ambalo Bunge lililifanya la kudumu Desemba 2020, ni la matengenezo ya njia tu na lina kikomo cha dola 3,500 kwa maili. Halinunui kichwa, na naomba tusiliguse kwa hesabu za ujanja. Mlango ulio wazi ni ruzuku za CRISI za Mamlaka ya Reli ya serikali kuu. Sheria ya miundombinu ya 2021 iliruhusu ziende hata kwenye vichwa, mradi moshi upungue kwa kiasi kikubwa. Sisi lazima tuchangie si chini ya asilimia 20, na wanaochangia zaidi hupewa kipaumbele. Kamati inaomba tuchangie nusu.

Kuna mpango mwingine wa serikali, DERA, wa kupunguza moshi wa injini za dizeli, ambao masharti yake yalinikosesha usingizi. Injini ya zamani lazima iharibiwe, kwa kawaida kwa kutoboa bloku tundu la inchi 3 kwa 3. Wengi wenu mmeniandikia kwamba GP9 ya 1956 ihifadhiwe, kwa kuwa ndiyo iliyovuta treni yetu ya kwanza. Nami natamani hivyo. Kwa hiyo kamati inashauri DERA iombwe, ikibidi, kwa vichwa vyetu vingine viwili vya zamani pekee, na hiyo kongwe ibaki nje ya maombi yoyote.

Mkutano mkuu utapiga kura mara mbili: kwanza juu ya mchango wetu wa nusu, kisha juu ya hatima ya GP9. Siku hiyo karakana itafunguliwa saa mbili asubuhi, kabla ya kikao. Fundi ameiacha silinda ya saba wazi, na atamwonyesha kila atakayefika ufa ulioko ndani yake.

Mwenyekiti