Kikoi chako kimeimba

Oya Hamisi, mambo vipi kaka, mama hajambo? Najua nimekuwa kimya wiki kibao, usinune bana, kuna kitu kimenishika mpaka nalala saa tisa usiku.

Iko hivi, picha kwenye kompyuta si ni namba tu, ukiifanya nyeusi na nyeupe kila pikseli (kinukta cha picha) inakuwa namba moja, 0 ni nyeusi tii na 255 ni nyeupe pee, na sauti nayo ni namba vilevile, kwa hiyo unachofanya ni kuidanganya spika izipige namba za picha kama sauti. Kwenye Linux unaandika komandi mbili tu, ya kwanza inaigeuza picha kuwa namba tupu, ya pili inazipiga kama sauti:

convert kikoi.jpg -resize 640x480! -depth 8 gray:kikoi.raw
aplay -f U8 -r 8000 kikoi.raw

Basi. Hapo una pikseli 307,200, spika inakula 8000 kwa sekunde, safu kwa safu kutoka kushoto kwenda kulia, unapata sekunde 38 na ushee.

Usije ukaipigisha jpg yenyewe kabla hujaigeuza, mimi nilifanya hivyo na hedifoni masikioni volyumu juu, aplay wala haikatai, zikanivamia kelele za redio iliyopoteza stesheni nikazitupa chini. Jpg imeshabanwa, yale ya kujirudia yamekamuliwa yote, na kisichojirudia hakitoi noti.

Nikaanza na ile picha uliyonipiga ufukweni Pangani, nikategemea makubwa. Wapi! Mbingu yote kimya, mchakacho kidogo tu kama mtu anachekecha unga, maana spika inataka mabadiliko, rangi ikiwa ileile haina la kusema. Ndo nikakiona kikoi chako ulichosahau kwenye kiti (na hukipati leo wala kesho), nikakipiga picha kwa karibu, mistari imesimama wima. Kaka! Mstari na nafasi yake ni kama pikseli 16, 8000 gawa kwa 16 unapata mitetemo 500 kwa sekunde, yaani ile noti B ya juu ya C ya kati, imezidi kidogo tu. Ila kitambaa kilikuwa na mikunjo, pakibonyea mistari inabanana noti inapanda, pakituna inashuka, ikawa inayumbayumba kama zumari ya harusini. Nikailaza picha, mistari ikawa ya kulala, noti yote kwishnei, ikabaki du, du, du, mara mbili hivi kwa sekunde, kama mgeni anagonga mlango kwa aibu.

Sasa naomba kitu kimoja, ule mkeka wa bibi wa rangirangi, upige picha kutoka juu, simu isiinamee upande, bila flashi, na uitume kama faili ili isibanwe tena njiani. Nikiigeuza nakurushia faili la sauti, wav, wewe utafute cha kupiga juu yake na kinanda chako, na usiniambie kina noti mbovu, hiyo stori ya mwaka jana.