Kwa nini vipindi vinne vya kwanza ni salamu tu

Wiki iliyopita kijana mmoja alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika tatu. Kalipia kwangu vipindi 12 vya kujifunza Kihispania, cha nne kimeisha, na bado "tunasalimiana". Anasema ana karatasi aliyoipakua bure, misemo 50 na maana zake kwa Kiingereza, kaikariri kwa jioni mbili. Sasa 15,000 kwa kipindi ni ya nini?

Si wa kwanza. Kila Agosti ikikaribia, Wahispania wanapoanza kuja kwa likizo zao, waongoza watalii wa hapa Arusha huniuliza hivyo hivyo, na mimi huona uchungu kuitwa mwizi kwa kazi ninayoifanya kwa uangalifu.

Karatasi hizo nazijua. Zinasema "buenas noches" ni "good night". Mwingereza akisema hivyo anaaga, anakwenda kulala. Mhispania huisema pia anapokutana na mtu usiku. Mwanafunzi wangu mmoja, kabla hajaja kwangu, alipokea familia ya Kihispania uwanja wa ndege wa KIA saa tatu usiku. Wakamwambia "buenas noches". Akadhani wamechoka, hawataki maongezi, akaendesha kimya mpaka mjini. Hiyo ni saa nzima ya kwanza ya safari yao, imepotea.

Lakini hasara kubwa iko kwenye "pole". Mpagazi mmoja aliyepandishwa cheo kuwa mwongozaji msaidizi mlimani alikuwa akimwona mgeni anahema au amejikwaa, anamwambia "lo siento". Pole kaipitisha kwenye "sorry", "sorry" kaipeleka kwenye "lo siento". Siku ya tatu mgeni mmoja, mama wa Kihispania, akamuuliza mwongozaji mkuu: huyu kijana amenikosea nini mbona anaomba msamaha kutwa? Anayepanda mlima Wahispania humwambia "ánimo", yaani jipe moyo. Aliyejikwaa unamuuliza "¿está bien?", yaani uko salama? Neno la pole lenyewe hawana, na hilo huwezi kulijua kwa kukariri safu mbili za maneno.

Kiingereza kinakupa "excuse me" moja. Kihispania kinataka "perdón" ukimgonga mtu, "disculpe" ukitaka kumuuliza jambo mtu usiyemjua, na "con permiso" ukitaka kupita kati ya watu au kuingia walipo. Hiyo ya mwisho ukimwambia Mswahili kwamba inakaribiana na hodi, hasahau tena. Kadhalika "buen provecho", yaani mle vizuri: huwapiti watu wanakula ukanyamaza, kama sisi. Na mzee wa Bogotá utamwita "usted", yaani wewe ya heshima, kwa sababu ileile inayokufanya umwamkie shikamoo mzee wa kwenu, ingawa vijana wa Madrid wataanza na "tú", wewe ya kawaida, hapo hapo. Mwanamke anayejitambulisha aseme "encantada", nimefurahi kukufahamu, si "encantado" ya mwanamume. Dada mmoja alifanya kazi msimu mzima akijitaja kama mwanamume.

Matamshi nayo. Karatasi zinaandika sauti kwa herufi za Kiingereza, na mtu mwenye irabu zake tano safi, a e i o u, zinazokaribiana kabisa na za Kihispania, anaanza kuzipinda. Soma "buenos días" kama Mswahili: bwenos dias. "Señora" ina ny ya nyama. H usiitamke: "hola" ni ola, "hasta luego" ni asta luego. "Gracias" kwa Wahispania wengi ina th ya thelathini, kwa watu wa Amerika ya Kusini ina s. Sauti zote hizo unazo mdomoni tangu utotoni.

Bei yangu haishuki. Aliyekuja mtupu humaliza salamu kwa vipindi vinne. Aliyekwisha kukariri karatasi huhitaji sita, maana viwili vya kwanza ni vya kung'oa aliyoyakariri, na hivyo viwili hulipiwa. Kijana wangu nimemwambia aje Jumanne na karatasi yake. Tutaipitia mstari kwa mstari, kwa kalamu nyekundu, na akitoka hapo bado anaona nimemwibia, nitamrudishia hela ya vipindi vilivyobaki.