Rasta Hazinuki, Nywele Zimesukwa Mbichi

Tangu mvua zianze msimu huu, wateja watatu wa saluni yangu hapa Mtwara wameniambia neno lilelile kuhusu nywele za bandia tunazowasukia: "Rasta zenu zinanuka." Wawili waliniambia kwa sauti ya chini. Wa tatu alikuja na shangazi yake siku ya Jumamosi, saluni imejaa, akasema mbele ya watu kwamba nimemuuzia rasta zilizolowa stoo na anataka hela yake yote.

Sikubishana naye. Nilimkalisha, nikafumua rasta moja ya kisogoni, nikamwomba shangazi anuse mwenyewe, kwanza mkia wa rasta kule chini, kisha nywele za binti pale karibu na ngozi. Mkia haukuwa na harufu. Penye shina ndipo palipotoka ile harufu ya nguo iliyoanikwa ndani siku tatu, na kwenye njia za kichwa palikuwa na ukoko mweupe wenye unyevu. Shangazi akamgeukia: "Wewe, ulikuja huku na nywele mbichi?" Ndipo yakatoka. Aliosha nyumbani alfajiri, akafunga mtandio, akapanda bajaji kutoka Naliendele, saa tatu asubuhi yupo kwenye kiti. Msusi alimuuliza, akajibu zimekauka. Msusi naye akashika juu, akakuta pakavu, akaanza kazi.

Hapo kuna kosa letu na nimelibeba. Nilimfumua bure na kumuosha bure, na msusi wangu tangu siku hiyo hashiki juu tu. Lakini rasta sikuzilipa, kwa sababu hazikuwa na kosa.

Najua kwa nini watu wanafanya hivyo. Kuosha na kukausha kwetu ni shilingi 8,000, na mteja anajiuliza kwa nini alipe wakati sabuni na maji anavyo nyumbani. Wapo wanaosema tunamkalisha mtu makusudi ili tumtoze draya. Niseme wazi: katika hiyo 8,000, kuosha ndiyo sehemu ndogo. Kichwa kinaoshwa dakika ishirini. Kukausha kunaweza kuchukua saa mbili, na muda wote huo kiti kimekaliwa, luku inakula, na siku bomba likikauka maji tunanunua kwa ndoo. Taulo lililotumika kwa kichwa kimoja haliendi kwa kichwa cha pili, linakwenda kufuliwa. Anayeosha kwa 3,000 na kukuweka kwenye mkono wa msusi baada ya nusu saa amekuuzia maji na sabuni tu.

Wala sisemi usioshe nyumbani. Osha, na ukiosha vizuri sikutozi hata senti. Ninachotaka ni zifike zimekauka, na hapo ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu kila nywele ina muda wake. Fikiria kamba ya kuanikia. Kanga na jinzi zimeanikwa pamoja saa mbili asubuhi. Saa nne kanga umeshaikunja, lakini jinzi ukiingiza mkono mfukoni bado kuna maji, ingawa nje inaonekana kavu. Nywele za kipilipili ni jinzi. Zimejikunja, zimeshikana, maji yanakaa katikati ya mikunjo na penye ngozi, na upepo unagusa juu tu. Kwa hiyo ukijipapasa utosini unajidanganya.

Namna tunavyopima sisi ni hii, na hata nyumbani unaweza. Tenga nywele kisogoni, halafu nyuma ya masikio, mpaka uione ngozi. Weka mgongo wa kiganja chako pale na utulie kidogo. Ukisikia ubaridi, bado. Maji yanapokauka yanachukua joto la ngozi, ndiyo maana sehemu mbichi inakuwa baridi hata kama kidole hakioni unyevu. Mimi pia hubandika kipande cha toilet pepa kwenye njia na kukikandamiza. Kikinata au kikibadilika rangi, mteja anarudi kwenye feni.

Unywele ukilowa unavimba na kuvutika, na nguvu zake zinapungua mpaka ukauke tena. Sasa wewe unakaa, msusi anauvuta huo unywele dhaifu, anakaza. Ukikauka unataka kurudi kwenye mikunjo yake, unakuta umebanwa, unavuta shina. Wale wanaolalamika kwamba wakisukwa usiku hawalali kwa maumivu, na nywele za pembeni ya paji zinaondoka kidogokidogo, niliowauliza mimi wengi walisukwa mbichi. Na harufu je? Kila kichwa cha mtu mzima kina vijidudu jamii ya fangasi vinavyoishi kwenye mafuta ya ngozi, na hao ndio wanaohusika na mba. Kwenye kichwa kikavu chenye hewa wanakaa kwa adabu. Ukiwafunikia unyevu, jasho na rasta juu yake, wanashamiri. Mapunye ni jambo jingine, yale yanaambukizwa kutoka kwa mtu au mnyama au kitana. Nikiyaona sisuki, namwambia mzazi ampeleke mtoto hospitali, na vitana vyangu vinaingia kwenye dawa.

Mikoa yetu hii ya kusini ina msimu mmoja wa mvua, Desemba mpaka Aprili hivi, na miezi hiyo hewa ya pwani imejaa maji. Kichwa ambacho wakati wa kusi, mwezi wa saba, kinakauka kabla ya adhuhuri, mwezi wa pili kinaweza kufika alasiri bado kibichi. Dada mmoja wa Shangani alinibishia hili, akisema anaosha saa moja asubuhi mwaka mzima na hajawahi kupata tabu. Mwaka mzima alikuwa anakaa barazani kwao, upepo wa bahari unampiga. Alipohamia nyumba yenye ua uliozibwa pande zote, mba ikaanza.

Kwa kipilipili, ukitaka zikauke kwa hewa, usiziache zijikaushie hovyo, zitajikunja na kufunga mafundo, na kesho yake utayakata kwa kitana. Zichane zikiwa bado na kondishena, kwa chanuo la meno mapana, ukianzia kwenye ncha. Kamua maji kwa fulana ya pamba, usisugue na taulo. Gawa mabutu sita au manane, paka mafuta kidogo zikiwa na unyevu ili zisikakamae, yakiwa ya nazi ni mazuri, hasa ukipaka na kabla ya kuosha, kwa sababu yanaingia ndani ya unywele na kupunguza protini inayotoka. Zikibaki na ubichi kidogo tu, fungua mabutu, zungusha uzi mweusi kuanzia shinani. Hivi ndivyo bibi zetu walivyonyoosha nywele bila pasi wala umeme. Zitakauka zikiwa ndefu, na msusi wako atakushukuru. Ila zifungue uzi kabla hujatoka nyumbani, uone kama ndani kumekauka kweli.

Singa ni kinyume. Maji yanateremka yenyewe, na nyepesi zinawahi kukauka, lakini wenye singa nzito wanafunga fundo mbichi kisogoni wakienda dukani, na jioni lile fundo ukilifungua katikati linatoa mvuke. Hizi usizichane zikiwa chapachapa, zitavutika kama mpira na kukatika. Ziache zipungue maji kwanza, ndipo uanze na ncha.

Nywele za dawa ndizo zinazonitia hofu kuliko zote. Dawa imevunja vifungo vya ndani vya unywele moja kwa moja, havirudi, na pale nywele mpya inapokutana na ya dawa ndipo penye udhaifu. Msimu wa korosho, minada ikishalipa, harusi zinafuatana, na kila mtu ana haraka. Bibi harusi mmoja aliletwa kutoka Tandahimba, nywele zimeoshwa njiani kwa ndugu, zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni ili zisilowanishe nguo. Wifi yake alikwisha kuzichana zikiwa mbichi kwa kitana chembamba. Nilipofungua mfuko, vipande vilikuwa vimebaki kwenye nailoni, urefu wa kidole, vyote vimekatikia palepale mpakani. Tulimvalisha wigi. Alilia, na mimi sikuwa na la kumpa zaidi ya hilo. Wigi ile iliwagharimu 120,000, na kuosha na kukausha siku hiyo ilikuwa 8,000 ileile.

Dredi ziosheni asubuhi tu. Kijana mmoja mvuvi wa Mikindani alikuwa anaosha usiku akitoka baharini, analala nazo. Kwa nje dredi zake safi kabisa. Tulipoikata moja kwa ombi lake, katikati ilikuwa na rangi ya kijivu na harufu ya koga. Sasa anasuuza chumvi kwa maji baridi jioni, anakamua na kukaa chini ya feni, na uoshaji wa sabuni ni Jumapili asubuhi, kisha juani kidogo na kivulini penye upepo mpaka magharibi. Jua kali la saa sita kwa muda mrefu silipendi, linafubaza rangi na kukausha ncha.

Kwa dada na mama zangu mnaovaa hijabu: hakuna ubaya wowote kwenye hijabu, ubaya ni kuivaa juu ya nywele zilizolowa. Chagueni siku mtakayokuwa nyumbani kichwa wazi. Na kulala na nywele mbichi eti zitakauka kwa mto, hapana. Mto ndio unaolowa.

Wapo wanaoniambia draya inaua nywele, hewa ndiyo salama, basi wanakataa draya hata mvua ikinyesha. Watafiti wa Korea Kusini walilipima jambo hili na kuchapisha mwaka 2011. Nywele zilizopulizwa kwa draya ya mkononi umbali wa sentimita 5, penye joto la nyuzi 95, ziliharibika zaidi upande wa nje. Lakini zilizoachwa zikauke zenyewe nazo zilidhurika, ndani, kwa sababu zilikaa na maji muda mrefu. Zilizopata nafuu ni zile za sentimita 15, kama nyuzi 47, draya ikitembezwa bila kusimama. Ndiyo maana msusi wangu anashika draya mbali na mkono wake hautulii. Si uvivu wala kukupotezea muda. Ninachopendelea mimi kwa kipilipili ni hewa kwanza, robo tatu ya njia, kisha draya ya moto mdogo kumalizia mashina.

Kwa hiyo utaratibu wetu kuanzia sasa mpaka mvua zikatike mwezi wa nne ni huu. Kila kichwa kinapimwa kisogoni na nyuma ya masikio kabla ya msusi kugusa kitana, hata cha mteja tuliyemzoea miaka kumi. Ukifika na nywele zilizobaki na ubichi, utakaa chini ya feni bure. Ukitaka tukukaushe kwa draya ni 4,000, na bei hiyo imeandikwa ukutani. Wanaooshwa kwetu na kusukwa siku hiyohiyo waje saa mbili asubuhi, mwisho wa kupokea ni saa nne. Baada ya hapo tunaosha tu, na kusukwa ni kesho yake. Umeme ukikatika hatusuki kichwa kibichi, tunakupa nafasi ya kwanza asubuhi inayofuata, na ulichokwisha kulipa kinabaki palepale.