Kidevu cha mtoto hakiji mbele kwa kupanua kaakaa

Mhariri, pole na majukumu. Nimesoma makala yenu ya afya iliyosema kifaa cha kupanua kaakaa, yaani dari la mdomo, kinamjengea mtoto mifupa ya uso, na tangu itoke ndugu wawili wameshanipigia simu wanauliza kama wawapeleke watoto wao wakapanuliwe ili mashavu yatokeze na kidevu kije mbele. Wananiuliza mimi kwa sababu binti yangu alivaa hicho kifaa akiwa na miaka 9 na mshika ufunguo wa kukizungusha nilikuwa mimi, kwa hiyo naomba nafasi kidogo.

Kaakaa la mtoto siyo mfupa mmoja jamani. Ni pande mbili, kulia na kushoto, zimekutana katikati kwa mshono ambao bado haujafumana. Kifaa kinashikizwa kwenye magego ya juu, katikati kina skrubu, mzazi unachomeka kifunguo unazungusha robo, na hiyo robo inasukuma kama milimita 0.25 hivi. Sisi tuliambiwa asubuhi mara moja na jioni mara moja, basi kabla hata wiki mbili hazijaisha ukatokea mwanya kati ya yale meno mawili ya mbele, mkubwa kabisa, mama yake akanijia juu kwamba nimemharibu mtoto, kumbe ndo dalili yenyewe kwamba mshono umeachia! Baadaye meno yakarudiana yenyewe. Skrubu ikafungwa isizunguke tena na kifaa kikabaki mdomoni miezi 6 ili mfupa mpya ujaze lile pengo. Wengi wanachoka hapa wanataka kitolewe haraka, na ukikitoa mapema taya linarudi lilikotoka.

Sasa kuhusu uso. Ni kweli taya la juu limeungana na mifupa ya pua na ya mashavu, ukisukuma huku na kule kunasikia, binti yangu alikuwa analalamika anabanwa hapa juu ya pua. Lakini pengo linafunguka kama pembetatu, pana kule chini kwenye meno na linazidi kuwa jembamba likipanda puani, na mbele ni pana kuliko nyuma. Kwa hiyo ndani ya pua unapata milimita chache tu, mashavuni hata hizo hazifiki. Tena sehemu ya upana unaouona mdomoni siyo mfupa kabisa, ni magego yameinama kwenda nje, na kadiri mtoto alivyo mkubwa ndivyo hiyo sehemu ya meno kuinama inavyoongezeka.

Na kidevu ndo kabisa. Magego ya juu yakisogea nje yanakutana vibaya na ya chini, mdomo unafunga kwa kugongana, taya la chini linashuka na kurudi nyuma kidogo, uso unarefuka. Kwa wengi inapungua baada ya muda, ila mtoto ambaye tayari ana uso mrefu daktari anakuwa mwangalifu naye. Yaani mzazi anaambiwa kidevu kitakuja mbele wakati kinachotokea mwanzoni ni kinyume chake.

Faida kubwa kwa ukuaji wa uso ipo, ila makala haikuigusa. Kuna mtoto ambaye taya la juu ni jembamba, magego yake ya juu yanaingia ndani ya yale ya chini, akifunga mdomo inabidi asogeze taya pembeni ndo apate pa kung'atia. Akitafuna hivyo mwaka hadi mwaka huku anakua, kidevu kinaweza kikakaa upande. Wangu alikuwa hivyo, akicheka unaona kabisa. Huyo ndo wa kupanua mapema, kabla ya kubalehe, maana baada ya hapo mshono unazidi kukaza, na kwa mtu mzima mara nyingi inabidi skrubu ndogo zishikizwe kwenye mfupa wenyewe au afanyiwe upasuaji.

Wala siyo teknolojia mpya kama mlivyoandika. Daktari wa meno Emerson Angell aliandika kule San Francisco mwaka 1860 jinsi alivyompanua binti wa miaka 14, wenzake wengi hawakumwamini, Marekani ikaja kuichangamkia upya baada ya daktari wa kupanga meno Andrew Haas kuandika mwaka 1961.

Hilo mliloandika kwamba kupanua kunasaidia mtoto anayekoroma nalo mngeliweka vizuri. Pua ikipata nafasi hewa inapita kwa urahisi zaidi, sawa, lakini mtoto anayekoroma kwa sababu ya tonsili au nyama zilizovimba nyuma ya pua aonwe kwanza na daktari wa masikio, pua na koo, asikimbizwe kwenye kupanuliwa.

La mwisho ni zile picha mbili mlizoweka kwenye makala, mtoto yuleyule akiwa na miaka 8 halafu akiwa na 13, eti uone uso ulivyobadilika. Mhariri, mdogo wake binti yangu hajawahi kuvaa kifaa chochote, nimechukua picha zake za miaka hiyohiyo nimeziweka mezani sambamba, na yeye mashavu yametokeza, pua imepanda, kidevu kimejaa. Angalau mngeweka na picha za mtoto kama huyo pembeni.